Petroli si Sabuni

Wiki hii nimeulizwa tena: "Mwalimu, shati la mtoto lina utomvu wa ndizi. Nipake petroli au mafuta ya taa?" Aliyeuliza ni mama wa huku Kisaka, na petroli alikuwa ameshainunua kwa vijana wa bodaboda, imo kwenye chupa ya soda. Swali hilo nimelijibu Mugumu, nimelijibu Tarime mjini, nimelijibu Sirari. Jibu langu ni lilelile: si hii wala si ile.

Doa jeusi mnaloliona kwenye nguo asubuhi si gundi, ni rangi. Utomvu wa ndizi una tanini, jamii ileile inayoifanya chai kavu ikaze ulimi. Ukipigwa na hewa hugeuka kahawia, kisha huung'ang'ania uzi wa pamba. Petroli haina kazi hapo. Yenyewe huyeyusha vitu vya jamii ya mafuta: grisi, lami, nta. Ukiipaka kwenye doa la ndizi, unabaki na doa lako, na nguo inanuka.

"Mbona ulimbo wa fenesi ulitoka?" Ulitoka, sikatai. Ulimbo ni ndugu wa mafuta, na hukubali mafuta yoyote: ya alizeti, ya karanga, hata yale ya mgando unayompaka mtoto. Kazi ambayo kijiko cha mafuta ya kupikia kingeimaliza, umeifanya kwa kitu kinacholipuka.

Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni mpaka ulipo jiko la mkaa, na moto hurudi kwa njia hiyohiyo hadi kwenye beseni lako. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Beseni ni dogo kuliko lori, lakini mvuke ni uleule. Tena ndani ya petroli mna benzini, inayosababisha saratani ya damu, na mtu huivuta kila anaposugua.

Mafuta ya taa hayawaki upesi hivyo, basi watu huyaona mapole na kuwasugulia watoto mikono. Huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Ngozi hukauka, hupasuka, na nguo iliyolowa nayo ikikaa mwilini huweza kutoa malengelenge. Mtoto akiyanywa, hatari kubwa iko kwenye mapafu. Usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize hospitali.

Sasa cha kufanya. Utomvu wa ndizi: paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya. Ukidondokea nguo, suuza hapohapo kwa maji baridi, kisha sabuni na ndimu. Doa la zamani kwenye pamba nyeupe, jaribu jiki iliyozimuliwa, ila kamwe usiichanganye na ndimu, maana hutoa gesi ya klorini. Likikaa kwenye kitenge cha rangi, kubali yaishe. Bablishi kwenye sketi: iwekee barafu ya mfuko, ikikakamaa ikwangue. Gundi ya lebo kwenye ndoo au ya plasta mwilini: mafuta ya kupikia, subiri nusu saa, osha kwa sabuni. Supaglu vidoleni: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, achanisha taratibu kwa kubingirisha, usivute. Kifuta rangi ya kucha chenye asetoni husaidia, mbali na macho na mbali na moto, ila huharibu plastiki na vanishi. Supaglu mbichi usiifute kwa pamba. Hupata joto la kuunguza. Utomvu wa mnyaa wa uzio ukiingia jichoni, usipake chochote: mwagia maji safi dakika 15 bila kukatiza, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Na ile chupa, mama, warudishie vijana wa bodaboda waimimine kwenye tenki leo, kabla mtoto hajadhani ni soda.