Simu, kishikwambi au laptopu: Kipi kinastahili kula mtaji wako?

MAVUNO yakishauzwa na madeni yakishalipwa, fedha kidogo inayobaki huanza kutafutiwa kazi. Zamani ilikwenda kwenye baiskeli, redio au bati. Siku hizi wengi huipeleka kwenye duka la simu, na huko ndiko mkanganyiko unakoanzia.

Ndani ya kabati la kioo kuna simu janja ndogo, simu janja kubwa, kishikwambi na laptopu. Muuzaji atakwambia kila kimoja kinapiga picha, kinatuma ujumbe, kinapiga hesabu na kinaingia kwenye intaneti. Hasemi uongo. Lakini mnunuzi asiyekuwa makini anaweza kujikuta amelipia kazi moja mara mbili au tatu.

Tumchukulie mfanyabiashara wa mahindi katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Ana simu janja aliyoinunua miaka mitano iliyopita. Kioo kimepasuka, betri inakufa saa sita mchana, na akitaka kupiga picha anaambiwa nafasi imejaa. Ndani ya simu hiyo hiyo kuna laini ya pesa, namba za wenye malori na orodha ya watu waliochukua mzigo kwa mali kauli. Ametenga Sh600,000. Anunue nini?

Anza na hesabu ya magunia

Kabla ya kuuliza bei ya kifaa, mfanyabiashara huyu ajiulize fedha hiyo ingefanya nini ikibaki sokoni. Tuseme gunia ni Sh60,000. Sh600,000 ni magunia 10. Kama kila gunia linamwachia Sh5,000 na mtaji unazunguka mara mbili kwa mwezi, anapata Sh100,000 kila mwezi wa msimu. Bei hizi ni za mfano tu, weka za sokoni kwako. Kifaa kipya kinapaswa kushindana na faida hiyo, ama kwa kuleta wateja au kwa kuzuia hasara.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza iwe kwa fundi. Betri za lithiamu huanza kupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, ambazo ni kama miezi 10 hadi 16 kwa mtu anayechaji kila siku. Betri ikichoka haimaanishi simu imekufa. Betri mpya, kioo kipya na kufuta video za makundi ya WhatsApp vinaweza kuirudisha simu kazini kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya.

Vifaa vilivyosogeleana

Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100 iliyokuwa na tochi, na watu wakaacha tochi nyumbani. Simu ilimeza pia kikokotoo, redio na kamera. Mwaka 2007 simu ya kwanza ya iPhone ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, na iPad ilipotoka mwaka 2010 ilikuwa na inchi 9.7. Tofauti ilionekana kwa macho: simu ya kupigia, kishikwambi cha kusomea.

Leo simu nyingi za bei ya kawaida zina kioo cha zaidi ya inchi 6. Pengo ambalo kishikwambi kilikuja kuliziba limepungua sana. Mwenye simu kubwa akinunua kishikwambi kidogo, mara nyingi amenunua simu ya pili isiyoingia mfukoni.

Hata hivyo kishikwambi kina mahali pake. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani wa Tanzania walitumia vishikwambi kujaza dodoso nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo kazi yake: kujaza fomu ndefu ukiwa umesimama, kusoma au kumwonyesha mteja picha za bidhaa.

Lakini kuna mtego mmoja wa kuangalia. Baadhi ya vishikwambi havina sehemu ya laini, na baadhi vinapokea laini ya bando tu. Hivyo haviwezi kupiga simu ya kawaida wala kufungua menyu ya pesa ya nyota na reli. Muulize muuzaji, kisha weka laini yako na ujaribu hapo hapo dukani.

Laptopu nayo inastahili pale penye kuandika kwingi. Katibu wa chama cha ushirika mwenye orodha ya mamia ya wanachama, au mwenye duka anayefuatilia stoo kwa programu, ataona thamani yake. Anayeandika barua ya mkopo mara mbili kwa mwaka atapata nafuu zaidi kwa kwenda stationari.

Usisahau umeme

Kwa wanaotegemea sola, hili ni jambo kubwa. Betri ya kitochi huwa na takriban wati-saa 4. Simu janja yenye betri ya 5,000 mAh ina kama 19, na laptopu nyingi zina kati ya 40 na 60. Chaji moja ya laptopu ya wati-saa 50 inatosha kujaza kitochi zaidi ya mara 10. Sola ndogo inayowasha taa na kuchaji simu inaweza kushindwa kabisa na laptopu, na gharama ya paneli na betri kubwa ikaongezeka juu ya bei ya kifaa.

Tenganisha pesa na mengineyo

Hasara kubwa ya mfanyabiashara wetu haiko kwenye kioo kilichopasuka. Iko kwenye kuweka kila kitu ndani ya kifaa kimoja. Simu hiyo ikiibiwa kwenye lori usiku, zinaondoka kwa pamoja laini ya pesa, wateja na ushahidi wa madeni. Simu mpya ya bei kubwa haiondoi hatari hiyo. Huenda ikaiongeza, maana inavutia macho zaidi.

Hapa kitochi kinarudi kwa heshima. Menyu ya pesa haihitaji intaneti, hivyo laini ya biashara inaweza kukaa kwenye kitochi mfukoni huku simu janja ikibaki na picha, WhatsApp na hesabu. Vifaa hivi viwili vinagongana hasa kwenye kupiga simu. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya akaunti ya pesa, ili mwizi asiweze kuihamishia kwenye simu nyingine na kuitumia.

Orodha ya madeni nayo iwe na nakala mbili: moja kwenye akaunti ya intaneti unayoweza kuifungua kwenye simu yoyote, nyingine kwenye daftari nyumbani. Daftari haliishiwi chaji.

Tahadhari dukani

Kifaa cha bei chee kinaweza kuwa kilekile kitakachokulaza njaa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia, na waliozinunua walipoteza fedha zao. Bonyeza *#06# na ulinganishe namba itakayotokea na ile ya kwenye boksi. Dai risiti.

Kwa kifaa kilichotumika, angalia toleo la programu endeshi. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Kishikwambi cha zamani kinaweza kung'aa kama kipya na bado kikashindwa kazi uliyokinunulia. Ukiwa unanunua cha kuongezea, kumbuka akaunti moja ya WhatsApp inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, ila simu kuu ikikaa siku 14 bila kutumika, vile vingine hutolewa.

Basi anunue nini?

Mfanyabiashara wetu achukue karatasi, aandike kazi anazofanya kila siku, za kila wiki na za mara chache. Mbele ya kila kazi aandike kifaa alichonacho kinachoweza kuifanya. Anunue kwa ajili ya ile iliyobaki bila jibu tu.

Kwa hali yake, betri na kioo vipya pamoja na kitochi cha laini ya pesa vinatosha. Kama fundi atasema simu haifai tena, achukue simu janja ya kati yenye nafasi ya GB 128, na kitochi pembeni. Kishikwambi na laptopu visubiri mpaka kazi yake iviite.

Fedha itakayobaki ikanunue mahindi. Mwakani hayo ndiyo yatakayonunua kifaa kingine.