Mkaguzi Anapoingia Kliniki: Ukaguzi wa Vituo vya Madaktari Kisiwani Mombasa

Kliniki ya daktari nchini Kenya haina mkaguzi mmoja. Daktari mwenyewe hupewa leseni kila mwaka na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na kliniki yake huwa na leseni yake mbali. Muuguzi anayechoma sindano yuko chini ya Baraza la Wauguzi. Tabibu, ambaye wagonjwa wengi humwita daktari vilevile, ana baraza lake. Anayepima damu na mkojo huwajibika kwa bodi ya wataalamu wa maabara, na dawa zilizomo kabatini ni shauri la Bodi ya Famasia na Sumu. Kukiwa na mashine ya eksirei, mamlaka inayodhibiti mionzi nayo ina la kusema. Kisha ipo kaunti, na mtu wake ni afisa wa afya ya umma, yule ambaye mitaani huitwa bwana afya: choo, maji, taka, mbu na panya ni kazi yake.

Mamlaka ya bwana afya ndiyo kongwe kuliko zote hizo. Sheria ya Afya ya Umma ilianza kutumika Septemba 1921, Kenya ikiwa koloni, na hadi leo ndiyo inayompa afisa idhini ya kuingia katika jengo, kuamuru uchafu uondolewe, na kumfikisha mwenye jengo kortini akikaidi. Sheria hiyohiyo humlazimu daktari kutoa taarifa serikalini akikutana na magonjwa kama kipindupindu, jambo ambalo mji wa bandari hauwezi kulifanyia mzaha. Usimamizi wa madaktari kwa sura yake ya sasa ulikuja baadaye sana. Bodi yao ilianza kazi Januari 1978, na mwaka 2019 ikageuzwa kuwa baraza. Katiba ya 2010 nayo ilizipa serikali za kaunti vituo vya afya vya kaunti na usimamizi wa maduka ya dawa, huku sera ya afya ikibaki kwa serikali ya kitaifa. Ndiyo maana kliniki iliyoko Makadara, Bondeni au Kibokoni huangaliwa kutoka pande mbili, Nairobi na Mombasa, na mwenye kliniki hana budi kuziridhisha zote mbili.

Kwa muda mrefu kila bodi ilikuwa ikija kivyake, na fomu yake mkononi. Kliniki moja ingeweza kutembelewa na wakaguzi wa aina tatu, na jirani yake asimwone hata mmoja. Mwaka 2016 serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi orodha moja ya ukaguzi wa pamoja, itumike kwa vituo vyote, vya umma na vya binafsi. Sheria ya Afya ya 2017 ikaunda mamlaka ya kusimamia taaluma za afya, na mojawapo ya kazi zake ni kuratibu ukaguzi huo wa pamoja.

Jambo kubwa katika mpango wa 2016 lilikuwa alama. Kila kipengele hupewa alama, alama hujumlishwa kwa asilimia, na asilimia ndiyo inayoamua mkaguzi atarudi lini. Kituo kilichozidi asilimia 75 hurudiwa baada ya miaka 2. Kilicho kati ya 61 na 75 husubiri mwaka mmoja, cha 41 hadi 60 miezi 6, na cha 11 hadi 40 miezi 3 tu. Kisichofikisha hata 11 hutakiwa kufungwa. Kliniki isiyo na leseni hufungwa bila kungojea hesabu ya alama. Utaratibu huu una busara: unampelekea mkaguzi pale penye hatari zaidi, na unampa mwenye kliniki muda wa kurekebisha kasoro kabla ya kuadhibiwa.

Ukaguzi wenyewe huanza ukutani. Leseni ya kituo, leseni za wahudumu na vibali vya kaunti hutakiwa viwe mahali ambapo mgonjwa anaweza kuvisoma. Jina lililo kwenye leseni ya daktari hulinganishwa na mtu aliyeketi ndani, kwa sababu zimewahi kutokea kliniki zinazoendeshwa na mtu mwingine kwa karatasi za daktari ambaye hayupo. Ili leseni yake iendelee, daktari huhitaji kuonyesha kwamba amejiendeleza kimasomo, na kipimo kilichowekwa ni pointi 50 kwa mwaka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, faili za wagonjwa nazo zimeingia katika hesabu: ziko wapi, nani anazishika, kabati lina kufuli au halina.

Baada ya karatasi huja maji, na hapa kisiwa cha Mombasa kina taabu yake. Maji matamu ya mji hutoka mbali. Chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo ziko zaidi ya kilomita 200 kutoka kisiwani, na mfereji wa kliniki unaweza kukaa siku kadhaa bila tone. Visima vya Mji wa Kale vipo, lakini vingi maji yake ni ya chumvi. Mkaguzi hutaka kuona maji yanayotiririka na sabuni karibu na kitanda cha mgonjwa, kwa hiyo kliniki hununua maji ya mkokoteni na kuyaweka kwenye tangi au pipa lenye bomba. Suluhisho hilo lina hatari yake. Mbu wanaoeneza dengue na chikungunya hutaga mayai katika maji safi yaliyotuama, na Mombasa iliuona mlipuko wa chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018. Bwana afya anapofunua kifuniko cha tangi ili kuchungulia viluwiluwi, anafuata maradhi ambayo wakazi wa kisiwani wanayakumbuka katika viungo vyao.

Kipengele ambacho hakina msamaha ni sindano. Ikishatumika huingia moja kwa moja katika kisanduku kigumu kisichotoboka, bila kurudishiwa kifuniko chake, na kisanduku hufungwa kabla hakijajaa mpaka juu. Taka nyingine hugawanywa kwa rangi: pipa jeusi ni la taka za kawaida, la manjano ni la vitu vilivyogusa damu au usaha, na jekundu ni la zile zenye hatari kubwa zaidi. Kliniki ndogo haina tanuri la kuchomea taka, na haiwezi kuwa nalo katikati ya nyumba za watu. Hutakiwa iwe na makubaliano na kituo chenye tanuri au na mchukuzi mwenye leseni ya mazingira, na risiti za uchukuzi huo ziwepo. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo vingine gari halipiti, taka hizo hubebwa kwa mkono hadi barabarani. Mkaguzi anayejua kazi yake hufuata njia hiyo mpaka mwisho, kwa kuwa sindano iliyotupwa vibaya humchoma mzoa taka au mtoto anayecheza, watu ambao hawakuwahi kumwona daktari huyo.

Dawa hukaguliwa kwa tarehe na kwa joto. Pwani kuna joto na unyevu mwaka mzima, na chumba kisicho na kipimajoto hakiwezi kuthibitisha kwamba dawa zake bado zina nguvu. Chanjo hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na daftari la friji lijazwe kila siku. Umeme ukikatika usiku, daftari lililojazwa kwa uaminifu asubuhi litaonyesha hivyo, na hapo chanjo hutengwa badala ya kudungwa mtoto.

Jengo nalo lina mambo yake. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la uhifadhi mwaka 1990, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ndiyo inayotoa ruhusa ya kubadili nyumba. Nyumba nyingi za hapo ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Ngazi zake ni za mwinuko mkali na milango yake ni ya enzi nyingine. Orodha ya ukaguzi hutaka mgonjwa wa kiti cha magurudumu aweze kuingia, chumba kipate hewa na mwanga, ukuta uoshike, na mgonjwa avue nguo bila kuonekana. Daktari aliyepanga orofani hawezi kuvunja ukuta kutwa moja akaweka lifti. Analoweza ni kuhamishia chumba cha matibabu chini, kusakafia upya kwa saruji laini, kuweka pazia au mlango wa pili, na kuomba kibali kwa yale yanayogusa sura ya nyumba. Katika mtaa ambapo stara ya mwanamke inathaminiwa sana, sharti la faragha halikuhitaji kamwe kuelezwa. Sharti la mteremko wa kiti cha magurudumu ndilo linalobaki gumu, na ingefaa ofisi ya uhifadhi na wakaguzi wa afya walitafutie jibu pamoja, badala ya kila mmoja kumwachia daktari ugomvi wa mwenzake.

Je, ukaguzi unasaidia? Ushahidi mzuri ulipatikana jirani kabisa, Kilifi. Kuanzia mwishoni mwa 2016 serikali na Benki ya Dunia walijaribu mpango wa alama katika kaunti 3, Kilifi, Kakamega na Meru, katika vituo 1,348. Maeneo yaliyokaguliwa yalichaguliwa kwa kura, ili yalinganishwe na yale ambayo hayakukaguliwa. Baada ya takriban mwaka mmoja vituo vilivyokaguliwa vilikuwa na usalama bora zaidi kwa wagonjwa, vya umma na vya binafsi pia, na wagonjwa hawakutozwa zaidi wala hawakuacha kutafuta matibabu. Hofu iliyosikika mara nyingi, kwamba masharti yatapandisha bei na kumfungia maskini mlango, haikutimia pale. Wakaguzi wa mpango huo walikuwa wa muda wote, waliofundishwa kwa kazi hiyo, na walirudi walipoahidi kurudi. Pasipo kurudi, barua ya kasoro huishia kwenye droo.

Upande wa nguvu umeonekana pia. Juni 2025 Baraza la Madaktari lilitangaza kwamba vituo 728 kote nchini vimefungwa na 301 vimeshushwa ngazi. Kufungwa kuna uzito zaidi sasa, maana Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya hospitali Oktoba 2024, hailipi kituo kisicho na leseni. Kwa kliniki ya mtaani, kupoteza leseni ni kupoteza wagonjwa wote wa bima kwa siku moja.

Lipo hata hivyo jambo ambalo orodha ndefu kuliko zote haiwezi kulinasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwatuma watu waliofunzwa kuigiza wagonjwa katika vituo 42 jijini Nairobi, wakieleza dalili za pumu, kifua kikuu, maumivu ya moyo na mtoto anayeharisha. Karibu nusu tu ya ziara hizo ziliishia kwa matibabu sahihi. Mkaguzi angehesabu masinki na leseni za vituo hivyo asilione hilo. Kwa sababu hiyo, kujiendeleza kwa daktari na mafunzo ya udaktari wa familia, yaliyoanza Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, ni nusu ya pili ya kazi ambayo ukaguzi ni nusu yake ya kwanza.

Mgonjwa hahitaji kumngojea mkaguzi. Ana haki ya kusoma leseni iliyo ukutani na kuangalia mwaka wake, kulitafuta jina la daktari katika sajili ya Baraza iliyo wazi kwenye intaneti, kuomba sindano ifunguliwe mbele ya macho yake, na kupeleka malalamiko kwa Baraza au kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo ya Mvita, ambayo kisiwa chote kiko chini yake. Mwenye kliniki naye ana haki ya kupewa ripoti kwa maandishi, kuelezwa alama zake zilipatikanaje, na kupinga uamuzi anaouona si wa haki.