Miche Mia Mbili, Mfuko Upi?

Mtu mwenye miche 200 ya kupanda Maseno au Kajulu, mvua za Machi zikikaribia, hukimbilia duka la pembejeo kuuliza bei ya mbolea. Mimi ningeanzia kitaluni, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Mwuzaji mmoja wa kando ya barabara aliniinulia mche wa mkaratusi, majani mapana, kijani kimekoza. "Chukua huu, baba, umenona." Nikamlipa, kisha nikauchana karatasi palepale. Mzizi mkuu ulikuwa umejikunja chini kama mkia wa nguruwe, na vimizizi vya pembeni ungevihesabu kwa vidole. Mche wa pili, mfupi na wa bei ya chini, ulitoka na bonge zima la udongo lililoshikwa na mizizi myeupe. Nikabeba mifupi. Mche ulioshibishwa naitrojeni kitaluni hauhangaiki kutafuta; hujaza majani, mizizi ikabaki nyuma. Kiangazi cha Januari kikiukuta uwanda wa Kano, udongo mweusi ukipasuka nyufa za kuingiza mkono, majani yote yale hayana wa kuyanywesha.

Sasa mbolea. Agosti 2023 serikali ilishusha bei ya ruzuku hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, kwa wakulima waliosajiliwa. Kwa bei hiyo, gramu 50 za mbolea ya DAP katika kila shimo ni shilingi mbili u nusu. Miche 200 ni shilingi 500. Kila shimo linapata gramu 9 za naitrojeni na kama gramu 10 za fosforasi, na fosforasi ndiyo njaa kubwa ya udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya. Mbolea ya CAN haina fosforasi hata chembe, kwa hiyo mwaka wa kwanza nisingeinunulia miti.

Mahali pa kuiweka mbolea pana uzito kuliko jina lililo kwenye mfuko. Mizizi huchipua kwa wingi palipo na chakula. Changanya DAP na udongo wa chini ya shimo, isiguse mizizi isije ikaiunguza, nayo mizizi itaifuata huko. Ukiitawanya juu, mizizi hubaki juujuu ikigombana na nyasi, na mvua ya kwanza inaisomba kuelekea Ghuba ya Winam. Hapo umeyanunulia magugumaji mbolea.

Samadi ni bure kwa mwenye ng'ombe, na inaufanya udongo ushike maji, jambo ambalo DAP haiwezi. Lakini debe moja kwa shimo ni madebe 200 ya kubeba. Ukikodi mkokoteni, ule ubure umekwisha.

Halafu kuna maua makech, yale ya manjano yaliyojaa kwenye nyua za mashamba kuanzia Maseno hadi Vihiga. Kilo moja ya majani yake makavu ina kama gramu 35 za naitrojeni, lakini fosforasi haifiki gramu 4. Ili kufikia fosforasi ya zile gramu 50 za DAP unahitaji zaidi ya kilo mbili na nusu za majani makavu kwa kila shimo, na mabichi ni mzigo mara kadhaa zaidi. Mgongo wako una bei. Majani hayo yapeleke kwenye sukuma wiki, inayorudisha pesa upesi.

Mukima ni habari nyingine kabisa. Mti huu ukikosa fosforasi huotesha vishada vya vimizizi vinavyofanana na brashi ya chupa, vikatoa asidi inayoifungua fosforasi iliyonaswa udongoni. Ukiumwagia fosforasi, vishada hupungua: unalipia kazi ambayo mti ulikuwa ukiifanya bila malipo. Basi kama miche yako yote 200 ni mukima, ule mfuko wa DAP upeleke wote kwenye mahindi.