Tundu la HIGH na la LOW: kweli na si kweli

Mpiga solo wa kwaya, awe Migato au Mwanza, mara nyingi hukuta amplifaya yenye matundu mawili ya kuchomeka gitaa, HIGH na LOW. Maelezo yake hupokezanwa jukwaani tu, na mengi yamepotoka.

"LOW ni ya gitaa la pili, sauti ni ileile." Si kweli. Kwenye amplifaya za Fender za zamani, na nyingi zilizoiga mpango wake, tundu la kwanza (HIGH) lina ukinzani wa omu milioni 1. La pili (LOW) lina omu 136,000 hivi, na hukata mawimbi ya gitaa nusu, yaani desibeli 6. Linalosahaulika ni hili: pikapu ya kawaida ni koili ya maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, na ikikutana na ukinzani mdogo hupoteza sauti za juu. Solo lililokuwa likilia kwa ukali linakuwa kama limefunikwa blanketi. Mkichomeka wawili kwa pamoja, hata aliye kwenye tundu la kwanza sauti yake hushuka.

"Hambaka lazima iingie LOW." Si kweli. Hambaka ya Gibson, kazi ya Seth Lover mwaka 1955, ina koili mbili zinazofutiana mvumo wa umeme. Kwa kawaida huwa na nguvu kuliko pikapu ya koili moja, lakini ya koili moja iliyozungushiwa waya mwingi yaweza kuipita hambaka dhaifu. Sauti ikikwaruza usipotaka, usikimbilie LOW. Chukua bisibisi, legeza skrubu za pikapu iende mbali na nyuzi kidogo kidogo, kisha piga nyuzi zote kwa nguvu usikilize. Ung'avu unabaki.

"LOW inaua mvumo." Si kweli. Inapunguza mvumo na gitaa kwa pamoja; ukipandisha volyumu, vyote vinarudi.

"LOW inalifaa gitaa la betri." Kweli, likiwa na nguvu mno kwa HIGH. Saketi yake ya volti 9 haisumbuliwi na ukinzani mdogo, kwa hiyo linapungua nguvu bila kufifia.

"Gitaa lisilo na betri liingie mikisani moja kwa moja." Litasikika, ila litafifia kuliko hata kwenye LOW, maana tundu la laini la mikisa lina omu elfu kumi hivi tu. Kanisa lisilo na amplifaya ya gitaa linunue kiboksi cha DI cha kuunganisha gitaa na mikisa, chenye ukinzani mkubwa, kabla ya kununua spika nyingine.