Mjakaranda Unasingiziwa

Kila Septemba, mijakaranda inapoanza kuzipaka barabara za Nairobi zambarau, lawama nazo huchanua. Pua zinachuruzika, macho yanawasha, watoto wenye pumu wanakesha wakikohoa, na kidole kinaelekezwa kwenye maua yaliyotandazwa njiani. Nimeisikia lawama hiyo kwenye matatu, kwenye duka la dawa, hata kwa walimu. Mti huo unaonewa.

Mjakaranda, wenye asili ya Amerika Kusini, hutegemea nyuki. Ndiyo maana ua lake ni kubwa na lenye rangi: linamwita mdudu. Chavua yake ni nzito, inanata, na ni kidogo sana inayofika puani mwa mpita njia. Mimea ya kutazamwa kwa makini ni ile isiyo na haja ya kupendeza, kwa kuwa mchukuzi wake ni upepo. Upepo haulengi, hivyo mmea humwaga chavua nyepesi kwa mamilioni ili chache zibahatike kufika.

Tazama saiprasi iliyoletwa kutoka Mexico na Amerika ya Kati, ambayo leo ndiyo uzio wa shule, makanisa na nyumba zetu. Tikisa tawi lake koni dume zikiwa zimeiva, utaona vumbi la manjano likipaa. Mvinje nao ni wa upepo. Hata ukoka tunaoukalia bustanini una chavua ambayo madaktari wa mzio wanaifahamu vyema. Nyasi hushamiri na kuchanua mvua zinaponyesha, na mvua za vuli huanza Oktoba, mjakaranda ukiwa bado na maua. Macho ya watu yako juu mtini, nyasi ziko miguuni.

Daktari Charles Blackley wa Manchester, aliyeugua mzio wa chavua mwenyewe, alichapisha majaribio yake mwaka 1873. Alirusha hata tiara zenye vioo vya kunata ili anase chavua angani. Siku hizi mtambo huvuta lita 10 za hewa kwa dakika, chavua hunasa kwenye utepe, kisha huhesabiwa kwa hadubini. Miji mingi ya Ulaya huwatangazia wakazi kiwango hicho. Sisi utabiri unatuambia mvua na joto tu, na hilo linanisikitisha, kwa sababu chavua huua. Novemba 2016 dhoruba ilipiga Melbourne, chavua za nyasi zikapasuka vipande vidogo vinavyopenya hadi ndani ya mapafu. Maelfu walifurika hospitalini. Watu 10 walifariki.

Kenya imelenga kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote, ila anayechagua miche ya uwanja wa shule aulize kwanza: mti huu unachavushwa na nani? Penye uzio wa saiprasi karibu na madarasa, upogolewe kabla koni dume hazijaiva. Na mzazi mwenye mtoto wa pumu asiukate mjakaranda wa langoni. Ampeleke mtoto akapimwe mzio kwenye ngozi, ijulikane kama kinachomsumbua ni nyasi, paka, au utitiri wa kwenye godoro lake.