Maziwa umeyachemsha, lakini mtungi je?

Wakazi wengi wa Nakuru hununua maziwa mabichi yanayoletwa alfajiri kutoka Njoro, Bahati na Molo. Mnunuzi huja na chombo chake, mara nyingi chupa ya soda au mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta ya kupikia. Nyumbani maziwa huchemshwa vizuri, kisha yakarudishwa katika chombo kile kile! Jioni mtoto akihara, lawama zote humwendea muuzaji.

Maziwa yana mafuta na protini ambazo zikikauka huacha utando mwembamba. Pitisha kidole ndani ya chupa utahisi utelezi wake. Bakteria hujificha humo, sabuni isiwafikie. Baadhi yao, waitwao stafilokoki, hutoka katika ngozi na pua za watu wazima wenye afya. Wakipata maziwa vuguvugu huzaana na kutoa sumu. Ukichemsha tena bakteria watakufa, lakini sumu yao itabaki, kwa maana haiharibiwi na joto la jikoni. Kwa hiyo usidhani kwamba kuchemsha mara ya pili kutaokoa maziwa yaliyoshinda mezani kutwa.

Unapoosha chombo, anza na maji baridi. Wengi hukimbilia maji moto, na joto hilo hugandisha protini ukutani kama yai kwenye kikaango. Ukishasuuza, tia maji moto na sabuni, usugue kwa brashi ya mpini mrefu hadi chini, usisahau mikunjo ya kifuniko. Mchanga usitumie, kwani hukwaruza plastiki na viini hupata maficho. Suuza kwa maji safi, kisha kiinamishe kikauke chenyewe. Kile kitambaa cha jikoni kinachopangusa kila kitu, kiweke mbali.

Ubaya wa mtungi ni kwamba shingo yake haipitishi mkono, na uwazi ulio ndani ya mpini wake haufikiki kwa brashi yoyote. Mkebe wa chuma wenye mdomo mpana ni bora. Asiye na uwezo wa kuununua aache maziwa katika sufuria aliyoyachemshia, ayafunike.

Wakalenjin hawakupuuza jambo hili. Kibuyu cha mursik, sotet, husuguliwa kwa ufito uitwao sosiot, kikakaushwa, kisha kikapakwa ndani kaa la mti wa senetwet kabla ya kutiwa maziwa. Ni kazi ya muda mrefu, nasi tunasuuza chupa kwa nusu dakika.

Mtungi uliowahi kubeba dawa ya kunyunyizia mimea au ya kuogeshea ng'ombe usiutie chakula wala maji kamwe, hata ukioshwa mara kumi, kwa sababu plastiki hufyonza dawa na kuitoa polepole. Utoboe chini, mwingine asije akauokota akatekea maji.