Kombine au randa ya mezani: seremala wa Kama anunue ipi?

Mashine ya kombine hupendeza ikiwa dukani. Meza moja ya chuma imebeba msumeno wa duara, randa ya kunyoosha uso wa mbao, randa ya kusawazisha unene, tupi ya kuchonga mapambo ya fremu, na ubavuni kuna kitobozi cha kutengeneza matundu ya ulimi. Kazi tano, mashine moja, bei moja. Muuzaji hurudia maneno hayo mpaka mteja aingize mkono mfukoni. Lakini kwa seremala mwenye karakana uani kwake huko Kama, mkoani Maniema, bei iliyobandikwa kwenye mashine ni mwanzo tu wa hesabu.

Kwanza tuulize mashine hizi zilibuniwa kutatua shida gani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Hans Goldschmidt, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alibuni Shopsmith kwa ajili ya watu waliofanya useremala nyumbani, kwenye kibanda cha gari. Ulaya nayo ikazaa kombine zake: Kity na Lurem za Ufaransa, Robland ya Ubelgiji, Felder ya Austria. Shida ya wateja wao ilikuwa nafasi. Umeme walikuwa nao ukutani, barabara ya lami mlangoni, na kisu kipya wangekipata kwa barua. Walichokosa ni sakafu.

Kule Kama sakafu haijawahi kuwa shida. Karakana ni banda la mabati au majani lenye uwanja mpana, na mbao zikizidi hulazwa chini ya mwembe. Kinachokosekana ni umeme, barabara na vipuri. Kwa hiyo anayenunua kombine analipia kitu alichonacho tayari, halafu anaongeza mzigo palepale pa upungufu wake.

Chukua umeme. Mota ya kombine ya kawaida, tuseme ya kilowati 2.2, inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishachanganya. Jenereta ya kVA 3 itakohoa na kuzima. Utahitaji ya kVA 6 au 7, na hiyo ikiwa kazini hunywa kama lita mbili na nusu za esansi kwa saa. Sasa itazame randa ya mezani, kwa mfano Makita 2012NB: inasawazisha mbao ya upana wa milimita 304, mota yake ni ya wati 1,650, na uzito wake ni kilo 28 hivi. Jenereta ya kVA 3 inaiendesha kwa kama lita moja kwa saa, mradi usiwashe kifaa kingine wakati huohuo na usitumie waya mwembamba mrefu unaochemka njiani.

Piga hesabu ya saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki. Kombine itakula lita 50, randa ya mezani lita 20. Kwa wiki 40 za kazi tofauti yake ni lita 1,200, yaani mapipa sita. Weka bei ya lita ya soko la Kindu, mji mkuu wa mkoa, siku hiyo, kisha ongeza cha mwenye pikipiki anayeileta. Atakayepinga atasema kombine ni ya haraka zaidi, na ni kweli. Lakini hata ikimaliza kazi ileile kwa nusu ya muda, bado itakula lita 25.

Usafiri nao una neno lake. Kindu hupokea mizigo kwa treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, kutoka Lubumbashi, ambayo kuisubiri ni kazi ya mtu mwenye subira. Kwa boti za mto Lualaba kutoka Ubundu. Na kwa ndege. Njia ya anga ya Goma ilikatika Januari 2025 mji huo ulipochukuliwa na waasi wa M23, na Bukavu ukafuata Februari. Mzigo ukishafika Kindu bado kuna barabara ya udongo, na mvua za Maniema hazina haya. Kombine ya chuma cha kuyeyusha hupita kilo 200 kwa urahisi. Huwezi kuifunga nyuma ya pikipiki. Itasubiri lori, na lori litasubiri barabara ikauke. Randa ya kilo 28 hufungwa kwa mpira na kufika.

Hata hivyo kombine ina haki zake, na haki mojawapo ni kubwa. Mbao za huko hupasuliwa msituni kwa msumeno wa mota au kwa msumeno wa watu wawili. Zinafika zina mawimbi, zimepinda, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Randa ya unene peke yake, kama hiyo ya mezani, hainyooshi mbao iliyopinda: roli zake huibana ikakaa sawa, kisu kikapita, na ikitoka inajirudia kwenye upindo wake. Kinachonyoosha ni ile randa ya kunyoosha uso iliyo juu ya kombine. Asiye nayo itabidi anyooshe uso mmoja kwanza kwa randa ndefu ya mkono, au kwa randa ndogo ya umeme kama Makita 1900B ya milimita 82 na wati 580, ndipo aingize mbao mashineni. Kwa kitanda au mlango ni kazi ya kuvumilika. Kwa oda ya madawati ya shule nzima ni adhabu.

Haki ya pili ni visu. Kombine nyingi hutumia visu vinene vya chuma kigumu ambavyo fundi anavinoa mwenyewe kwenye jiwe, tena na tena. Randa nyingi ndogo za mezani, hiyo 2012NB ikiwemo, hutumia visu vyembamba vya makali mawili: ukimaliza upande mmoja unageuza, ukimaliza wa pili unatupa. Na mvule, mti unaopendwa kuliko yote kwa milango, una tabia ya kuficha vijiwe vya chokaa ndani ya mbao. Kijiwe kimoja kinatosha kung'oa makali. Kwa hiyo bei ya randa ya mezani ihesabiwe pamoja na pakiti kadhaa za visu zinazonunuliwa siku hiyohiyo, maana kuziagiza baadaye ni kurudi kwenye habari ya treni. Mbao ikaguliwe, ipigwe brashi ya waya, ndipo ipite.

Iko njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji. Maniema hulima mpunga, na penye mpunga huwa pana kinu chenye injini ya mazuti ya silinda moja. Injini ya aina ya S195, ya Kichina, hutoa nguvu farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Silinda ya randa ya kombine inataka mizunguko kama 5,000, hivyo puli ya injini iwe kubwa mara mbili na nusu kuliko ya randa, mkanda ufungwe, na mwenye kinu alipwe kwa saa. Nguvu inakwenda moja kwa moja kwenye kisu bila kupotea kwenye jenereta. Ubaya wake ni kwamba mkanda ulio wazi hauna kitufe cha kuzimia, na nguo ndefu haina rafiki hapo. Ukizungushiwa wigo wa mbao, ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote kwa kazi nyingi.

Kuhusu tupi nitasema kidogo: ndiyo sehemu ya kombine inayokatisha watu vidole, na mapambo yake mengi hutoka vizuri kwa randa ya mkono ya kuchongea. Usiilipie kwa sababu tu inang'aa. Vumbi nalo lisidharauliwe. Vumbi la mvule huchokoza ngozi na mapafu, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Barakoa iwe sehemu ya bei.

Hukumu yangu basi: fundi mmoja wa Kama anayetengeneza vitanda, milango na masanduku anunue randa ya mezani, randa ndogo ya umeme, msumeno wa duara wa mkono na jenereta ya kVA 3. Vikiharibika, vinaharibika kimoja kimoja; mota ya kombine nyingi za bei ndogo ikiungua, kazi zote tano zinalala. Mafundi wanne au watano walio karibu na kinu, wenye oda za shule au parokia, kombine inawafaa, wainunue kwa pamoja na kuandikiana nani analipa visu. Na kwa yeyote atakayenunua Kindu: usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako kwa jenereta yenye ukubwa wa ile utakayoitumia, na kipande cha mvule ulichokuja nacho mwenyewe kikapita chini ya kisu.